Nimepiga stenlesi kwa ayoni za chuma, matundu hayapo kabisa pale SRIM (programu ya kukokotoa ayoni zinavyopenya) inaposema uharibifu ni mkubwa zaidi. Kwa nini?

Nuru_K:
Wakuu habari za saa hizi, nina swali la mambo ya nyuklia na metali, najua humu wapo watu wa matirio na wapo waliopita kwenye akselereta, naombeni msaada.

Kwa kifupi nasoma masters huku ughaibuni, kazi yangu ni kuangalia chuma kinavyovimba kikipigwa na mionzi. Sampuli ni stenlesi 316L iliyolainishwa kwa moto, tumeipiga kwa ayoni za chuma za 5 MeV, chaji 2+, joto nyuzi 550, fluensi (idadi ya ayoni zilizotua) 1×10^17 kwa sentimita ya mraba. Baada ya hapo tumekata kipande chembamba cha wima tukakiweka kwenye hadubini ya elektroni, matundu yapo mengi tu, ila yamekaa kama mkanda hapo katikati. Karibu na uso hakuna kitu, halafu ukishuka mpaka kina ambacho SRIM inaonyesha kilele cha dpa (wastani wa mara ambazo kila atomu imeng'olewa mahali pake), kama maikroni moja na kidogo, yanapungua yanaisha kabisa. Mimi nilitegemea pale kwenye kilele ndiyo yajae.

Mwenzangu wa maabara ananiambia data yangu haina maana, eti ayoni haziwezi kuiga nyutroni za riakta kwa hiyo matokeo yote ya namna hii ni ya kutupa. Nimeumia sana maana kazi ni ya muda mrefu. Naombeni mnieleze, (1) kwa nini kilele hakina matundu, (2) niripoti dpa ya kina gani, na (3) ni kweli data ya ayoni ni ya kutupa?

FundiHadubini:
Karibu dada Nuru. Data yako haina tatizo, yaani umeona kile kile ambacho fizikia inasema utaona, ngoja nikupe hatua kwa hatua maana hili somo nalipenda.

Ayoni au nyutroni ikigonga atomu ya chuma kwa nguvu ya kutosha, kwenye hesabu tunatumia 40 eV kama kizingiti cha chuma, ile atomu inang'oka sehemu yake. Inaacha nafasi tupu, tuiite vakansi, na yenyewe inakwenda kujibana katikati ya wenzake, hiyo ni intastishali. Nyingi zinakutana tena hapo hapo na kufutana, ndani ya muda mfupi mno. Zinazobaki zinatembea, na kwa joto kama la kwako zote mbili zinatembea vizuri tu. Sasa ujanja wote uko hapa, dislokesheni (mstari wa kasoro kwenye mpangilio wa atomu) inavuta intastishali kidogo zaidi kuliko inavyovuta vakansi, kwa sababu intastishali inasukuma wenzake pembeni kwa nguvu na dislokesheni inaihisi kwa mbali. Tofauti yenyewe ni ndogo, ila inafanya kazi kila sekunde. Intastishali zikishachukuliwa kwa wingi huko, vakansi zinabaki zimezidi, zinatafutana zinajikusanya, unapata tundu.

Na chuma kinavimba kwa sababu zile atomu zilizotoka hazijapotea, zimekwenda kupangwa kama tabaka jipya kwenye dislokesheni. Ukichomoa matofali ndani ya ukuta ukayapanga juu, ukuta unarefuka na idadi ya matofali ni ile ile, ndicho kinachotokea. Ndiyo maana uzito haubadiliki, densiti ndiyo inashuka.

Sasa twende kwenye mkanda wako. Juu karibu na uso hakuna matundu kwa sababu uso wenyewe unameza vakansi, hazipati nafasi ya kurundikana. Hilo rahisi.

Kule chini ndiko kwenye utamu. Kila ayoni uliyoirusha inasimama mahali fulani, na ya 5 MeV kwenye chuma inasimama kwenye maikroni 1.5 hivi. Ikisimama inakuwa atomu ya ziada ambayo HAINA vakansi yake, ni intastishali imeletwa kutoka nje. Mtu atasema lakini ni chache. Piga hesabu, fluensi yako 10^17 ukiitandaza kwenye unene wa maikroni 0.4 unapata 2.5×10^21 kwa sentimita ya ujazo, gawanya kwa densiti ya atomu za chuma ambayo ni 8.48×10^22, ni kama asilimia 3 ya atomu zote za eneo hilo. Ukilinganisha na dpa mia na kitu inaonekana ndogo, lakini kumbuka nimesema vakansi na intastishali karibu zote zinafutana, ziada ya vakansi inayojenga tundu ni tone tu. Hiyo asilimia 3 inakwenda kufuta lile tone. Brailsford na Mansur walishalichambua hili mwaka 1977 kwa hesabu kamili, wala siyo jambo jipya. Kwa hiyo pale kwenye kilele cha dpa umeshaanza kuingia kwenye mkia wa ayoni zilizosimama, na matundu yanauawa.

Jibu la (1) ndiyo hilo. La (2), chukua dirisha la katikati ambalo liko mbali na uso na halijafikia ayoni zilizosimama, kwa 5 MeV watu wengi wanachukua nanomita 500 mpaka 700. Ripoti dpa ya HAPO, na hesabu matundu ya hapo hapo. Usichukue dpa ya kilele ukaiweka pamoja na matundu ya katikati, nimeona watu wanafanya hivyo na grafu zao hazilingani na za mtu yeyote.

Kwame_Mbeya:
Mimi niko upande wa huyo mwenzake kidogo. Riakta ya nyutroni za kasi inatoa kama 10^-6 dpa kwa sekunde, yaani mwaka mzima unapata 30 hivi. Akselereta inakwenda 10^-3, dpa 100 ndani ya saa 28 tu umemaliza. Hiyo ni kasi mara elfu moja. Halafu nyutroni inapita chuma chote, ayoni inaishia maikroni moja na nusu. Halafu nyutroni inazalisha heliamu ndani ya chuma kwa mmenyuko wa nyuklia, hasa kwenye nikeli, na heliamu ndiyo inayosaidia matundu yaanze, ayoni ya chuma haizalishi kitu. Ukiweka hizo tofauti tatu pamoja, mtu anayesema nimeiga riakta anapaswa aeleze vizuri sana ameiga nini.

Bint_Fuwele:
Kaka Kwame hoja zako zote tatu ni za kweli, ila hazifikishi kwenye neno "kutupa", na hapo ndipo nisipokubali kabisa.

Hili la chuma kuvimba lilijulikana mwaka 1967, Waingereza Cawthorne na Fulton walikuwa wanaangalia vifuko vya stenlesi vya mafuta ya nyuklia vilivyotoka kwenye riakta ya Dounreay, Uskochi, wakakuta vitundu vidogo vidogo vimejaa ndani. Kabla ya hapo wasanifu wa riakta za nyutroni za kasi hawakuwa wamelipigia hesabu. Ilikuwa mshtuko mkubwa maana chuma kikirefuka asilimia 10 kila upande ujazo wake umeongezeka asilimia 33, na vitu vya namna hiyo vimeonekana kweli kwenye 316 iliyokaa kwenye riakta ya EBR-II kule Idaho, Marekani. Fikiria mirija mamia imepangwa pamoja na sodiamu ya kupoza inapita katikati, kila mmoja unavimba kwa kiasi chake kulingana na joto la sehemu uliyopo, inajipinda inabanana. Kusubiri riakta ikupe dpa 200 ni miaka na miaka, sampuli inatoka ina mionzi mikali huwezi kuishika bila chumba maalumu, na riakta kama FFTF na EBR-II zote zimeshafungwa. Bila ayoni tungekuwa tumekaa tu.

Na kuna mahali ambapo ulinganisho ulifanyika kwa umakini ukakubali. Gary Was na wenzake, matokeo yalitoka 2014, walichukua chuma HT9 kutoka kwenye mkupuo ule ule wa kuyeyushwa ambao ulikaa FFTF huko Hanford ukala 155 dpa kwa nyuzi 443. Wakauingizia heliamu kidogo sana kwanza, wakaupiga kwa ayoni za chuma 5 MeV kwa nyuzi 460 mpaka 188 dpa, halafu wakaweka picha pembeni kwa pembeni. Saizi ya matundu, wingi wake, dislokesheni, hata vichembe vya fezi (sehemu zenye muundo tofauti) vilivyojitenga ndani ya chuma, vinafanana kwa kiasi cha kuridhisha. Angalia walichofanya lakini, joto wamelipandisha, heliamu wameiweka, dpa haikuwa sawa sawa. Hawakubonyeza tu kitufe.

Mimi nasemaga hivi, ayoni zinafaa sana kuuliza chuma kipi kinavimba zaidi ya kipi na kwa sababu gani. Hazifai kuchukua asilimia yake ukaenda kuandika kwenye cheti cha riakta.

MzeeWaVakyumu:
Naongeza ya upande wa mashine maana vijana mnaruka hapa. Binti Nuru ngoja nikuulize maswali kadhaa na uyajibu kabla hujaandika chochote.

Kwanza mkondo uliupima namna gani. Ayoni yako ina chaji 2+, maana yake maikroampea moja ni ayoni 3.1×10^12 kwa sekunde, siyo 6.2. Kikombe cha Faraday (kifaa cha kupima mkondo wa mwale) kiwe na kizuizi cha elektroni zinazoruka, vinginevyo namba inadanganya.

Pili mwale ulikuwa umetulia au ulikuwa unaskani kulia kushoto? Ukiskani kila sehemu inapigwa kwa mapigo, inapigwa inaachwa inapigwa, na kwenye ile nafasi ya kuachwa vakansi zinatoroka. Wameonyesha kwenye chuma safi kwamba kuskani kunapunguza uvimbaji. Kiwango cha ASTM E521 chenyewe kinashauri mwale usioskani kwa kazi ya matundu.

Tatu kaboni. Hili watu wengi hawalijui na linaharibu kazi nyingi nzuri. Mwale unapopita kwenye bomba lenye vakyumu ya wastani unaburuta kaboni mpaka kwenye sampuli, inaingia ndani, na kaboni inazuia matundu. Kundi la Lin Shao la Texas A&M wamefanya kazi nzuri sana hapo, wakapindisha mwale karibu na sampuli ili uchafu uachwe nyuma, wakaweka mtego wa baridi wa naitrojini ya maji, tofauti ikaonekana waziwazi. Kama maabara yenu haina mtego wa baridi basi pima kaboni kwenye sampuli yako ujue iko kiasi gani na kwa kina gani.

Nne joto. Thamokapo (kipima joto cha waya) iko wapi? Ikiwa iko kwenye shikizo la sampuli na siyo kwenye sampuli, mwale unapasha uso na wewe unasoma joto la nyuma. Kamera ya infraredi inasaidia.

Nuru_K:
Shikamoo mzee, na asanteni sana wote, FundiHadubini ubarikiwe.

Mzee majibu ni haya: mwale ulikuwa umetulia haukuskani, chaji 2+ ilizingatiwa, mtego wa baridi upo, thamokapo ziko juu ya sampuli za pembeni na infraredi ipo. Kaboni hatujapima, nitaomba.

Sasa maswali mawili. Faili la SRIM nililopewa lilikuwa la ile hesabu ndefu ya kaskedi nzima (inayofuata kila mgongano unaozaa mingine), naona watu wengine wanatumia ile ya haraka na namba zao ni ndogo kuliko zangu, ipi sahihi? Na la pili, joto, nataka kusema hii nyuzi 550 yangu ni sawa na nyuzi ngapi za riakta, kuna fomula?

FundiHadubini:
Tumia ya haraka, ile ya Kinchin-Pease. Stoller na wenzake waliandika 2013 kuhusu hili hili, kaskedi nzima ya SRIM inatoa vakansi kama mara mbili ya zile za kiwango cha NRT (njia ya kawaida ya kuhesabu dpa), na dunia nzima inaripoti dpa ya NRT. Weka 40 eV kwa chuma, ile nishati ya kufunga atomu kwenye mpangilio weka 0. Ukitumia ndefu halafu ukajilinganisha na mtu aliyetumia fupi, chuma chako kitaonekana kinavumilia mara mbili zaidi wakati hakuna kitu.

Kubadilisha kuwa dpa ni hivi, chukua vakansi kwa ayoni kwa angstromu kwenye kina chako, zidisha kwa 10^8, zidisha kwa fluensi, gawanya kwa densiti ya atomu. Kama pale nanomita 600 faili linakupa 0.6, basi 0.6 × 10^8 × 10^17 gawanya 8.48×10^22, unapata 71 dpa hivi. Namba yako itatoka kwenye faili lako mwenyewe, hiyo ni mfano wa njia.

Bint_Fuwele:
La joto nalichukua mimi. Fomula ni ya Mansur, wazo lake ni kwamba ukiongeza kasi ya uharibifu vakansi zinazaliwa haraka kuliko zinavyoweza kutembea, kwa hiyo unazipa joto zaidi ili zitembee kwa uwiano ule ule. Kwa hali ambayo kufutana ndiko kunatawala na unataka uvimbaji ubaki sawa:

ΔT = A × ln(kasi2/kasi1) ÷ [1 − B × ln(kasi2/kasi1)]
A ni kT² ÷ (Em + 2Ef), B ni kT ÷ (Em + 2Ef)

kasi1 ni ya riakta, kasi2 ni ya ayoni, k ni namba ya Boltzmann, Em ni nishati ya vakansi kutembea, Ef ni ya kuiunda, T ni joto la riakta kwa kelvini. Weka riakta nyuzi 400 yaani 673 K, Em 1.3 eV, Ef 1.6 eV, kasi mara 1000. Chini unapata 4.5, A inakuwa 8.7, mara 6.9 ni 60, gawanya kwa 0.91, unapata nyuzi kama 65. Yaani kilichotokea riaktani kwa 400 kitafute kwa ayoni kwenye 465 hivi. Yako ya 550 irudishe nyuma kwa njia hiyo hiyo ukiwa na kasi yako halisi ya dirisha la katikati, siyo ya kilele.

Ila dada usiandike hiyo kama ukweli wa mwisho. Ukibadilisha Em na Ef kidogo jibu linasogea, na fomula inajua vakansi tu, haijui vichembe vya fezi vinavyojitenga kwa mionzi wala haijui mtawanyiko wa nikeli na silikoni. Andika ni makadirio, weka namba ulizotumia, msomaji atajua afanye nini nazo.

Juma_wa_Umeme:
Samahani wataalamu mimi ni fundi umeme tu, nafuatilia kwa sababu Kenya wanazungumzia kujenga kinu cha nyuklia. Hivi vinu vya kawaida vya maji navyo vinavimba hivi?

Bint_Fuwele:
Swali zuri kaka Juma. Kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na riakta za nyutroni za kasi, kwa sababu dpa ni chache na joto liko chini, kama nyuzi 300, na uvimbaji wa stenlesi unapenda kuanzia 350 hivi kwenda juu. Lakini kuna vyuma vinavyozunguka mafuta karibu kabisa ambavyo mionzi ya gamma inavipasha kutoka ndani vinazidi joto la maji, na kinu siku hizi kinaruhusiwa kufika miaka 60 na zaidi, kwa hiyo pale wanafuatilia. Ni sehemu ya ndani ya kinu, chombo chenyewe cha nje kinapata dpa ndogo mno hakina shida ya kuvimba.

Kwame_Mbeya:
Nuru hujauliza asilimia ya kuvimba utaipataje, na hapo ndipo pa kuangalia sana.

Kila tundu pima kipenyo, ujazo ni pai mara kipenyo kwa kipeo cha tatu gawa kwa 6, jumlisha zote, gawanya kwa ujazo wa chuma UKITOA ujazo wa matundu. Unaona kipenyo kimepandishwa kipeo cha tatu, kwa hiyo matundu makubwa machache ndiyo yanabeba jibu. Mfano matundu ya nanomita 20 yakiwa 10^21 kwa mita ya ujazo unapata 0.42%, idadi hiyo hiyo yakiwa nanomita 40 inaruka mpaka 3.5 hivi. Kosa dogo la kipenyo linazidishwa mara tatu. Na unene wa kipande upime kweli, kwa EELS (kupima nishati ambayo elektroni zinapoteza) au kwa mwale uliokusanywa, usikadirie kwa macho, wengi wanateleza hapo.

Na hakikisha unachohesabu ni tundu kweli. Shusha fokasi chini kidogo, tundu linakuwa jeupe lina mzingo mweusi, pandisha juu ya fokasi linageuka jeusi lina mzingo mweupe. Kitu kisichogeuka hivyo siyo tundu. Galiamu ya mashine ya kukatia inaacha madoa madogo meusi kila mahali, safisha kwa volti ya chini au mng'arisho wa haraka wa umeme kabla hujaanza kuhesabu. Kwenye 316 matundu yaliyokomaa yana kingo zilizonyooka, siyo duara kamili, ukiona vile viduara vidogo sana laini fikiria na heliamu au gesi nyingine.

FundiHadubini:
Kwame hapo umeongea. Naongeza tu kwamba stenlesi ina kipindi cha ukimya kabla haijaanza kuvimba, na urefu wa kipindi hicho unategemea mapishi ya chuma, titaniamu, fosforasi, silikoni, kama kimefinyangwa baridi au la. Ukimya ukiisha, austenitiki (familia ya stenlesi kama 316) zinaelekea 1% kwa kila dpa, Garner amelisema hilo kwa miaka mingi kwa data nyingi za riakta, feritiki kama HT9 zinakwenda kama 0.2. Kwa hiyo sampuli moja kwa dpa moja haikuambii uko wapi, bado uko kwenye ukimya au umeshapanda. Kama mna muda wa mashine piga nyingine mbili kwa fluensi ya chini na ya juu, joto lile lile, mwale ule ule. Nukta tatu kwenye dirisha la 500 mpaka 700 zina thamani kuliko mabishano yote ya humu.

Nuru_K:
Nimeomba muda wa mashine. Fluensi ya chini nimependekeza 3×10^16 na ya juu 2×10^17, joto halibadiliki. Nimerudia SRIM kwa ile ya haraka na kaboni itapimwa wiki ijayo, nikipata namba za lile dirisha naziweka hapa hapa mzikague.